Waya wa Simu Ukikatika, Nani Atengeneze? Wajibu wa Mwenye Nyumba, Mpangaji na Kampuni ya Simu



Katika toleo hili tumeona ni vema kueleza jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, lakini limekwisha kuleta ugomvi katika baadhi ya sharika zetu: waya wa simu ukiharibika katika nyumba ya kupanga, ni nani anayepaswa kuutengeneza? Je, ni kampuni ya simu, ni mwenye nyumba, au ni mpangaji?

Tunalieleza kwa sababu sharika zetu nyingi siku hizi ni wenye nyumba. Zipo zenye fremu za maduka kando ya barabara, zipo zenye hosteli za wanafunzi, na zipo zenye majengo ya ghorofa yenye fleti. Kodi inayopatikana humo husaidia kulipa posho za wainjilisti, ada za watoto yatima, na ule mchango wetu wenyewe katika miradi tunayoshirikiana na wafadhili. Mpangaji akihama kwa uchungu, hatupotezi kodi peke yake. Jina la Kanisa nalo huharibika mtaani.

Yaliyotupata mwaka 2008

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Mwaka 2008 dayosisi ilikuwa inapangisha jengo lenye fleti nane. Katika ghorofa ya pili alikaa mama mmoja, mkunga mstaafu, mgonjwa wa shinikizo la damu. Alikuwa na simu ya mkononi, lakini vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na vitufe vilimsumbua, hivyo tegemeo lake lilikuwa simu ya mezani. Kwa simu hiyo watoto wake walimpigia kila jioni.

Siku moja simu ile ikanyamaza. Mama akatoa taarifa kwenye kampuni ya simu. Fundi akaja, akapima kwenye nguzo na kwenye kisanduku cha jengo, akasema laini ni nzima, hitilafu ipo ndani, na ndani si kazi yake. Mama akaenda kwa msimamizi wa jengo. Msimamizi akamjibu kwamba simu ni ya mpangaji, kwa hiyo na waya ni wa mpangaji. Mama akaandika barua ofisini kwetu akiuliza, "Waya uliozikwa ndani ya ukuta usio wangu, nitaufukuaje?" Barua ile ikasubiri kikao, na kikao kikaahirishwa. Zikapita wiki tisa.

Usiku mmoja mama alizidiwa. Simu yake ya mkononi ilikuwa imekwisha chaji. Aligonga ukuta kwa mwiko mpaka jirani akaamka, akapelekwa hospitali. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona.

Ndipo tukaita fundi wa kujitegemea. Alipanda ngazi, akatazama sehemu waya unapotoka kwenye kisanduku kuelekea juu, akaona umekatwa. Waliokuwa wameukata ni mafundi rangi tuliowaweka sisi wenyewe kupaka ukuta wa ngazi. Waya uliohitajika haukufika mita mbili, na kazi yote haikuchukua nusu saa. Kwa wiki tisa tulikuwa tukibishana juu ya kosa letu wenyewe.

Tangu hapo tulijiwekea utaratibu, na huo ndio tunaowaletea hapa.

Waya mmoja, sehemu tatu

Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kufikiria umeme na maji. Nguzo ya umeme ikianguka barabarani tunapiga simu TANESCO, wala hatumtafuti fundi wa mtaani. Lakini swichi ya chumbani ikiungua tunamtafuta fundi wetu. Mpaka uko kwenye mita: kabla ya mita ni kazi ya shirika, baada ya mita ni kazi ya mwenye nyumba. Maji ni hivyo hivyo.

Simu haina mita ukutani, na hapo ndipo watu wanapopotea. Lakini mpaka upo. Waya wa simu ya mezani unaotoka kwenye kituo cha kuunganishia simu hadi mkononi mwa mpangaji una sehemu tatu:

1. Kutoka kituoni, kupitia nguzo au chini ya ardhi, hadi kwenye kisanduku cha kupokelea laini katika jengo. Sehemu hii ni ya kampuni ya simu. Nguzo ikianguka au waya ukiibwa na wezi wa shaba, kampuni ndiyo hutengeneza.

2. Kutoka kwenye kisanduku hicho, kupitia ngazi, korido na ndani ya kuta, hadi kwenye soketi ya chumbani. Sehemu hii ni ya jengo. Mpangaji ameikuta na ataiacha. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuitunza.

3. Kutoka kwenye soketi hadi kwenye simu yenyewe, pamoja na mashine ya faksi, ruta na nyaya za ziada alizoleta mpangaji. Sehemu hii ni ya mpangaji.

Ugomvi mwingi unatokea kwenye sehemu ya pili, kwa sababu kampuni inaiona iko ndani, na mwenye nyumba anaiona ni ya simu. Mpangaji hubaki katikati, naye ndiye pekee asiye na ruhusa ya kuutoboa ukuta.

Baadhi ya marafiki zetu wa sharika za Marekani watalitambua jambo hili. Huko kampuni ya simu ilikuwa ikimiliki hata simu yenyewe iliyokaa mezani. Katika miaka ya 1980 utaratibu ulibadilishwa, na waya wa ndani ukaachwa mikononi mwa wenye nyumba. Maswali kama yetu yakazuka. Jimbo la California lililimaliza kwa sheria: mwenye nyumba ya kupangisha watu kuishi lazima aweke walau soketi moja ya simu inayofanya kazi, na autunze waya wa ndani kutoka kwenye mpaka wa kampuni hadi kwenye soketi.

Sheria yetu inasemaje

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitaji waya wa simu kwa jina. Lakini inaweka masharti yanayohesabika kuwemo katika upangaji hata kama hayakuandikwa. Pale mtu anapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba anapaswa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, pamoja na njia na mifumo inayotumiwa na wapangaji wote kwa pamoja. Nyumba ya kuishi inapaswa kuwa inafaa kukaliwa na watu tangu mwanzo wa upangaji hadi mwisho wake.

Mpangaji naye ana wajibu wake: kulipa kodi, kuitunza nyumba katika hali ya kuridhisha, kumruhusu mwenye nyumba kukagua baada ya kupewa taarifa, na kuirudisha nyumba kama alivyoikuta. Hata hivyo hadaiwi uchakavu wa kawaida, wala madhara ya radi, mafuriko au moto ambao hakuusababisha kwa uzembe.

Kwa msingi huo sisi tunasema kwamba waya unaopita kwenye ngazi na korido ni mfumo wa pamoja wa jengo, na waya uliozikwa ukutani ni sehemu ya ukuta. Mahali ambapo sheria haitaji jambo kwa jina, mkataba ndio unaopaswa kulitaja.

Na faiba je?

Wengine watasema simu za mezani zimebaki kwenye ofisi chache, kwani watu wote wana simu za mkononi. Ni kweli. Lakini nyaya hazijaisha, zimebadilika tu. Mwaka 2023 wapangaji wa jengo lile lile walianza kuomba faiba kwa ajili ya intaneti, na maswali ya mwaka 2008 yakarudi kama yalivyokuwa.

Kuna tofauti tatu ambazo kamati zinapaswa kuzijua.

Kwanza, mpaka umesogea ndani. Kwa kawaida kampuni huuhesabu waya wa faiba, hadi kwenye kile kifaa chake chenye taa kinachofungwa chumbani, kuwa ni mali yake. Faiba ni uzi wa kioo, na kuuunga kunahitaji mashine maalumu, hivyo fundi wa kawaida asiuguse. Kinachobaki kwa mwenye nyumba ni njia: matundu, mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, ruhusa, na ufunguo wa mlango wa juu.

Pili, faiba haipendi kukunjwa. Ukiipinda sana kwenye kona ya mlango, au ukaibana kwa kabati, mwanga unaopita ndani yake unapungua au unakatika. Mpangaji aambiwe hivyo mapema.

Tatu, na hili ni muhimu kwa wagonjwa na wazee, simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituoni, takribani volti 48. Ndiyo maana simu ya kawaida ya mezani iliweza kuita hata umeme wa nyumba ulipokatika. Faiba haibebi umeme. Umeme wa nyumbani ukikatika, kile kifaa na ruta vinazimika, na simu inayotegemea intaneti hiyo inazimika pamoja navyo, isipokuwa kama kuna betri ya akiba. Mpangaji mgonjwa asiachwe bila kulijua hilo.

Maswali tunayoulizwa na kamati za sharika

Mpangaji amegonga msumari wa kutundikia picha, akakata waya. Nani alipe? Mpangaji. Lakini fundi achaguliwe kwa makubaliano na mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta ni wa mwenye nyumba.

Panya wametafuna waya kwenye dari. Mwenye nyumba. Dari na paa ni vyake, na kuwazuia panya wasiingie darini ni kazi yake, isipokuwa ikithibitika kwamba ni uchafu wa mpangaji uliowaleta.

Radi imepiga. Waya wa ukutani ni wa mwenye nyumba. Simu na ruta ni za mpangaji mwenyewe. Waya wa nje na vifaa vya kampuni ni vya kampuni.

Mpangaji anataka soketi ya pili chumbani kwa watoto. Aombe ruhusa kwa maandishi na agharamie mwenyewe. Mwenye nyumba asikatae bila sababu ya msingi. Wakubaliane mapema kama soketi hiyo itabaki akihama.

Waya wa mpangaji wa juu umeharibiwa na jirani wa chini aliyekuwa akitengeneza jiko lake. Mwenye nyumba atengeneze kwanza, kisha amdai aliyeharibu. Asiwaachie wapangaji wawili wamalizane wenyewe.

Kampuni inasema kosa ni la ndani, fundi wetu anasema ni la nje. Wakutanishwe siku moja kwenye kisanduku cha jengo, wapime mbele ya msimamizi. Hii imetusaidia kuliko barua kumi.

Kampuni haifiki kabisa. Mwenye mkataba na kampuni, ambaye mara nyingi ni mpangaji, atoe malalamiko kwanza kwenye kampuni yenyewe na aombe namba ya malalamiko. Yasipotatuliwa, ayapeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina utaratibu wa kuyapokea.

Kabla ya kumwita fundi

Yapo mambo ambayo msimamizi wa jengo anaweza kuyafanya mwenyewe, bila kufungua waya wowote:

1. Achomoe vifaa vyote kwenye soketi za simu za fleti husika. Wakati mwingine kifaa kimoja kibovu huziba laini nzima.

2. Achukue simu nyingine ambayo ana hakika ni nzima, aichomeke kwenye soketi ya kwanza. Akisikia mlio wa laini, basi tatizo ni la vifaa vya mpangaji.

3. Asiposikia mlio, fundi apime kwenye kisanduku cha jengo. Mlio ukiwepo kwenye kisanduku na usiwepo kwenye soketi, kosa liko sehemu ya pili, na ni letu wenye nyumba. Usipokuwepo hata kwenye kisanduku, ni la kampuni.

4. Kwa faiba, atazame taa za kile kifaa. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikiwaka, maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Akague kama waya umebanwa au umekunjwa, kisha kampuni ipigiwe simu. Asichungulie ncha ya waya wa faiba, kwani mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

5. Aandike kwenye daftari tarehe, saa, jina la aliyetoa taarifa na alichokiona.

Tunaonya pia kwamba nyaya za shaba zisishikwe mikono mitupu. Simu inapoita, umeme wake hupanda na kuweza kufikia takribani volti 90, nao unarusha.

Yaandikwe kwenye mkataba

Tumeona kwamba mikataba mingi ya sharika ina ukurasa mmoja: jina, kiasi cha kodi, tarehe na sahihi. Tunashauri kila mkataba uongezewe maneno kama haya:

"Mwenye nyumba atatunza na kutengeneza nyaya za simu na njia za mawasiliano kuanzia kisanduku cha jengo hadi kwenye soketi ya chumbani. Mpangaji atatunza vifaa vyake kuanzia kwenye soketi, na atalipia uharibifu uliosababishwa na yeye, familia yake au wageni wake. Mpangaji atatoa taarifa ya hitilafu mara aionapo. Mwenye nyumba atafanya ukaguzi ndani ya siku 3 na kutengeneza sehemu yake ndani ya siku 14. Pale ambapo haijulikani kosa ni la nani, mwenye nyumba atatengeneza kwanza, na gharama itaamuliwa baadaye."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wapo wajumbe walioipinga wakisema itatutia hasara. Tuliwaeleza kwamba kubishana wiki tisa juu ya waya wa mita mbili kulitugharimu zaidi, na nusura kumgharimu mama yule maisha. Gharama inaweza kudaiwa baadaye kwa risiti, lakini usiku wa ugonjwa ukishapita bila simu, hakuna risiti ya kuurudisha.

Siku ya kukabidhi ufunguo, msimamizi na mpangaji wapite pamoja wakijaribu kila soketi, waandike ipi inafanya kazi na ipi haifanyi, na wote wawili waweke sahihi. Siku ya kuhama karatasi hiyo itaondoa mabishano.

Fedha zitoke wapi

Hapa tuna kosa la pili la kukiri. Gharama ya waya ule wa mwaka 2008 tuliilipa haraka kutoka kwenye fungu la matengenezo la mradi wa maji, kwa kuwa ndilo lililokuwa na fedha wakati huo. Kiasi kilikuwa kidogo, na nia ilikuwa njema. Mkaguzi wa hesabu alipokuja aliuliza swali moja tu: waya wa simu wa fleti na kisima cha kijijini vinahusianaje? Hatukuwa na jibu. Tulizirudisha fedha hizo na kuwaandikia wafadhili kuwaeleza.

Fedha ya mfadhili ifanye kazi iliyoombewa. Matengenezo ya nyumba ya kupanga yalipwe na kodi ya nyumba hiyo. Tunashauri kila usharika utenge asilimia 10 ya kodi kabla ya matumizi mengine. Kwa mfano, fleti nane zinazolipa Sh. 200,000 kila moja kwa mwezi zinaleta Sh. 1,600,000. Asilimia 10 ni Sh. 160,000 kwa mwezi, yaani Sh. 1,920,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kiwe na akaunti yake au walau ukurasa wake katika daftari la mtunza hazina, na msimamizi aruhusiwe kutumia kiasi kidogo kilichopangwa bila kusubiri kikao.

Kwa sharika zinazojenga sasa, tafadhali wekeni mabomba ya kupitishia nyaya kabla ya kupiga lipu, moja kwa kila fleti kutoka kwenye kisanduku kimoja cha chini chenye kufuli. Kuweka bomba wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Kuchimba ukuta uliokwisha pakwa rangi ni gharama kubwa, na ndiko kunakozaa nyaya zinazoning'inia madirishani.

Hitimisho

Tunaziomba kamati za mipango na ujenzi za sharika zote zifanye mambo matatu kabla ya robo mwaka ijayo: zipitie mikataba yao, zikague visanduku na nyaya za majengo yao, na zifungue fungu la matengenezo. Ofisi ya miradi ipo tayari kutuma nakala ya mkataba wa mfano kwa usharika utakaouhitaji.

Mama yule mkunga aliendelea kukaa katika fleti ile kwa miaka minne zaidi. Alipohama kwenda kuishi na binti yake, alikabidhi ufunguo pamoja na orodha ya soketi iliyowekwa sahihi, akatuambia kwamba simu inaita.